Corolla ya 1998 inachemsha ikipanda Lushoto

Wakuu, kutoka Tanga mpaka Mombo gari iko sawa. Ikianza kupanda Lushoto tu, mshale wa joto unapanda nao. Feni inazunguka, maji hayavuji. Nianzie wapi?

— Themostati, mkuu, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Subiri injini ipoe, toa themostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Ianze kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Maji yakikaribia kuchemka iwe wazi kama milimita 8. Isipofunguka hivyo, nunua nyingine. Na usikubali ule ushauri wa kijiweni wa kuendesha bila themostati.

— Ikiwa nzima, tazama rejeta. Zima gari ikiwa ya moto, chomoa plagi ya feni, pitisha kiganja karibu na mapezi ya rejeta: panapokuja ubaridi pameziba. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, hujenga ukoko ndani. Weka kulanti (dawa ya rejeta) na maji yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu.

— Msisahau mfuniko wa rejeta. Raba ikichakaa presha haikai, maji yanachemka mapema. Halafu, injini ikiwa baridi, uache wazi uwashe: mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa. Hapo usipande mlima kabisa.