Git: kukomiti kwenye laptopu tu au kupushi kila mara?

Fundi_Mbeya: Wakuu habari za mchana. Nimezoea Subversion, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kule ukikomiti (ukihifadhi mabadiliko) kazi inaenda seva moja kwa moja, mtandao ukikata hukomiti kitu. Sasa ofisini tumehamia Git, nayo ni ya kazi hiyohiyo, ila komiti inabaki kwenye mashine yangu mpaka nipushi, yaani niitume seva. Jamaa yangu anakaa wiki nzima hajapushi, mimi napushi kila komiti. Nani yuko sahihi?

Bi_Kompyuta: Kaka, komiti ikiwa bado kwako ni mali yako, umekosea ujumbe wake unairekebisha kwa `git commit --amend`, zimekaa ovyo unazipanga upya kwa rebase na hakuna anayeumia. Ukishapushi tawi la wote (mkondo wa kazi mnaoutumia pamoja) usiguse historia, wenzako wakivuta watakutana na vurugu tupu, hapo ni `git revert` tu, inaongeza komiti mpya ya kutengua ile mbaya.

Mzizima88: Naungana na dada ila wiki nzima hapana jamani!! Mimi diski ilikufa nikiwa na kazi ya siku nne sijapushi, nilibaki naangalia skrini nyeusi, na ile reflog (kumbukumbu ya Git ya hatua ulizopita kwenye mashine yako) tunayoitegemea kwamba inatunza mambo mpaka siku 90 nayo ilikuwa ndani ya diski hiyohiyo. Komiti ya kwako peke yako siyo bekapu.

Fundi_Mbeya: Pole sana mkuu. Ila nikipushi kazi nusunusu si navuruga main, lile tawi kuu?

Bi_Kompyuta: Main usiiguse, fungua tawi lako, `git push -u origin fundi/malipo` (origin ndo jina la seva), kila jioni kabla hujafunga laptopu. Ukipanga upya humo pushi kwa `--force-with-lease`, siyo `--force`, maana hiyo ya kwanza inagoma kama kuna mtu kaongeza kitu hujakivuta.

Mtu_wa_Boti: Mimi nakomiti nikiwa kwenye boti ya Unguja bando limeisha, nikifika ndo napushi, na hilo ndo linanifanya niipende Git. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianza 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux waliotawanyika dunia nzima, kila mtu ana historia kamili kwake. Kuna kitu wengi hawajui, `origin/main` unayoiona siyo seva yenyewe, ni picha ya mara ya mwisho ulipowasiliana nayo, kwa hiyo piga `git fetch` kwanza ilete habari mpya za seva, ndo ulinganishe.

Fundi_Mbeya: Asanteni sana. Nimeenda mashine ya jamaa, `git status` inasema ahead by 23 commits, yaani komiti 23 hajazipushi. Nimesimama nyuma ya kiti chake, anapushi sasa hivi.