New Beetle ya 2006 kama gari pekee ya nyumbani, Dar: ninunue au nibaki na Vitz?

MamaMadale

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa waliowahi kumiliki hii gari, si wa walioiona ikipita Masaki wakaipenda.

Ninaendesha Vitz ya zamani, ile ya cc 1000. Haijawahi kunilaza njiani, ila nimeichoka hata kuitazama. Sasa mwenzangu wa kazini anauza VW New Beetle, automatiki, cc 1984, rangi ya krimu, namba D. Ni ile ya duara iliyokuja baadaye, si ile ya wazee wetu yenye injini nyuma. Nimekalishwa ndani, nikaona na kile kichupa cha kuwekea ua pale kwenye dashibodi, moyo ukaenda. Anataka milioni 11, nikikaza nadhani atashuka hadi 10. Nina milioni moja na nusu pembeni ya matengenezo.

Matumizi yangu: Madale hadi Posta na kurudi, siku zote za kazi. Kutoka nyumbani hadi lami ni vumbi, na masika ni tope. Wanangu wawili (miaka 7 na 10) nawashusha shule njiani. Mama yangu anaishi na mimi, Jumapili nampeleka kanisani, na magoti yanamsumbua.

Fundi wangu wa Vitz kasema tu, "Dada, hilo la Mjerumani, kaa nalo mbali." Nilipomuuliza kwa nini, akacheka. Mimi nataka sababu.

Kiroboto_Sinza

Paka Vitz rangi ya krimu, weka ua kwenye dashibodi. Milioni 10 zimebaki. Karibu.

Mpimaji_Tabata

Dada MamaMadale, usimsikilize Kiroboto, huyo hata baiskeli anaazima.

Mimi ninayo, iko hapo nje chini ya mwembe. Kabla yake nilikuwa na Golf IV, ile VW Golf ya kizazi cha nne, na hapo ndipo pa kuanzia. VW walionyesha gari ya mfano kule Detroit mwaka 1994, watu wakaishangilia kwa sababu ya umbo la ile ya zamani. Walipokuja kuiunda kweli kule Puebla, Mexico, kuanzia 1997 hadi 2011, walichukua chasisi ya Golf IV wakaivika bodi ya duara. Injini mbele, inapozwa kwa maji, inavuta kwa matairi ya mbele. Kwa hiyo unanunua Golf iliyovaa nguo za sherehe. Mpime Golf kwanza, nguo baadaye.

Upande wa Golf hauna habari mbaya sana. Injini ya 2.0 valvu nane ni ya kizamani, haina turbo, haina mbwembwe. Nguvu ya kawaida tu. Vipuri vya injini, breki, shokapu na bushi unachangia na Golf IV, VW Bora na Audi A3 za kwanza, na Ilala Shauri Moyo utavikuta, vya mtumba na vipya. Tairi ni 205/55 R16, saizi iliyojaa mjini. Ila mwambie kijana wa pancha mapema kwamba hapa hakuna nati, kuna bolti. Lazima ainue tairi, alenge tundu, ndipo afunge. Wangu wa pale mtaani alizunguka gari mara mbili akitafuta nati zimekwenda wapi.

Upande wa nguo ndio utakaokuonyesha rangi zake. Taa, bampa, fenda na milango si vya Golf, ni vya hii tu. Fenda za mbele ni za plastiki, bodaboda akikusukuma kidogo zinarudi, akikugonga sawasawa zinapasuka, na ya kubadilishia ni ya kusaka. Plastiki za milango ndani zilipakwa rangi laini ambayo kwa joto letu inaanza kunata, kisha inabanduka kama umeikwangua kwa kucha. Kama ya huyo mwenzako haijabanduka, ujue imelala kivulini, na hiyo ni dalili nzuri kuliko maneno yote atakayokwambia.

Milango ni miwili na mirefu. Kwenye maegesho ya kubanana pale Posta utajikunja kutoka. Mama akae mbele, hapo hana tabu, mlango unafunguka sana na kiti hakiko chini kama watu wanavyodhani. Nyuma hapana. Asikubali hata siku moja, hata akisema "niacheni tu nitaingia". Kuna kukunja kiti cha mbele, kuinamisha kichwa na kuvuta mguu wa pili, na magoti mabovu hayataki hiyo. Nyuma ni viti viwili tu, hakuna wa katikati. Watoto wako wawili wanatosha vizuri sasa. Akija binamu, mtu anabaki nyumbani. Na unapofunga mlango wa buti angalia vichwa vya waliokaa nyuma, kioo kinashuka karibu nao sana. Wa miaka 10 bado yuko salama, akirefuka mtazungumza.

Wiki ya kwanza kila ukitaka kukata kona utawasha waipa. Indiketa iko kushoto, ya Vitz iko kulia. Utapangusa kioo Tegeta nzima, watu watakutazama, kisha utazoea.

Dashibodi ni ndefu mno. Ukirusha karatasi mbele inafika chini ya kioo, na huifikii ukiwa umefunga mkanda. Nguzo za pembeni za kioo ni nene, kwenye mzunguko nyoosha shingo, bodaboda anajificha pale pale.

Mafuta: kwenye foleni hesabu kilometa 8, ikijitahidi 9 kwa lita. Safari ya Morogoro yangu inafika 12. Tangi ni lita 55. Ukitoka kwenye Vitz, sheli utapaona.

Sasa gia boksi, na hapa nakuomba usome polepole. Za mwanzo zilikuwa na gia nne, za baadaye zina sita. Ya 2006 kutoka Japan inaweza kuwa ya sita. Sukuma gia kwenye upande wa kujipangia, uone namba inafika ngapi. Ya sita imeundwa na Aisin, kampuni ya Japan, na mafuta yake ni ya kiwango cha JWS 3309, si yoyote mekundu yaliyo kwenye rafu. Gereji moja (siitaji, iko njia ya kwetu) iliniwekea ya kawaida nilipokuwa safarini. Nikarudi kukuta gari inapiga kichwa ikitoka ya pili kwenda ya tatu. Nikamwaga, nikajaza ya kwake, nikamwaga tena, ndipo ikatulia. Fundi wa Toyota atakwambia mafuta ya gia ni mafuta ya gia. Hapo ndipo fundi wako wa Vitz alipopata ile hofu yake, ila hakujua kukueleza.

Usiijaribu asubuhi. Asubuhi kila gia boksi ni nzima. Omba saa tisa mchana, AC imewaka, ipite foleni ya Mwenge kwanza. Kisha simama, kanyaga breki, toa N weka D. Ikikawia halafu ikaruka, rudisha ufunguo, msalimie, nenda nyumbani.

Fundi_ShauriMoyo

Mpimaji kamaliza mengi, naongeza ya chini ya boneti.

Belti ya taimingi: pampu ya maji inazungushwa na belti hiyo hiyo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Mtu akikwambia kabadilisha belti tu, mhesabie kama hajabadilisha. Magari ya Japan huwa na stika kwenye injini yenye tarehe na kilometa. Wakiandika H22, hiyo ni kalenda ya Kijapani, ni mwaka 2010. Kama stika ya mwisho ni hiyo, toa gharama ya belti na pampu kwenye bei yake.

Maji ya rejeta ni yale ya pinki, G12. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, hapo pana historia. Angalia kile kiungo cha plastiki cha maji pembeni ya silinda hedi, kinapasuka kwa uzee, maji yanapungua taratibu bila kuonekana chini. Mwenye gari hajui mpaka inachemsha.

Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi: kwenye 2.0 hizi plastiki yake hupata nyufa, asubuhi ya mvua gari inatetemeka, jua likitoka inapona. Watu wanabadilisha plagi bure. Imwagie maji kwa kipulizio gizani ukiwasha injini, cheche utaziona.

Kabla ya kulipa ipimwe kwa kompyuta inayosoma VW, yenye programu ya VCDS. Ya Toyota itakwambia "hakuna tatizo" kwa sababu haioni kitu.

MamaMadale

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Mpimaji, shikamoo kwanza! Hiyo ya Mama nyuma imenigusa, maana ndiye atakayesema "nitaingia tu". Je, ile mpya zaidi, The Beetle, si afadhali? Nimeona mtandaoni za 2013.

Jirani_SouthB

Salamu kutoka Nairobi. Kwetu New Beetle haiingii tena, sheria ni miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza na hii iliacha kuundwa 2011, kwa hivyo watu wengi walihamia The Beetle. Nilikuwa nayo, ya 1.2 TSI, yaani injini ndogo yenye turbo. Tamu kuendesha, na ndani ni pana kuliko hiyo yenu. Lakini gia boksi yake ni DSG, automatiki ya klachi mbili, ya gia saba na klachi zake ni kavu, haipendi jam kabisa. Kutambaa mita mbili, kusimama, kutambaa tena, klachi inapata moto. VW wenyewe mwaka 2013 waliita magari mengi duniani kubadilisha mafuta ya gia boksi hiyo. Kwa foleni unayoeleza mimi ningechukua ya zamani yenye gia boksi ya Aisin. Makanika wetu wengi watakwambia hivyo pia.

Mpimaji_Tabata

Marahaba mwanangu. Jirani kasema kweli, na The Beetle ukiiagiza ikiwa imezidi miaka kumi TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu juu yake. Hii ya mwenzako ushuru wake ulishalipwa zamani.

Jibu langu: ndiyo, inaweza kuwa gari pekee ya nyumbani, kwa Tegeta, Mwenge, Posta. Kwa kile kipande cha Madale chenye tope, pita taratibu, iko chini mbele na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haina mzaha na jiwe. Maji yakijaa barabarani geuza, usifuate daladala. Kama gia boksi imefaulu mchana, na belti na pampu vimetolewa kwenye bei, mpe milioni 9 na nusu, usipande zaidi. Ile moja na nusu usiiguse kwa rangi wala kwa rimu.

Vitz usiiuze kabla masika haijaisha.

MamaMadale

Nimeongea naye, kakubali Jumamosi saa tisa mchana. Stika ya belti ipo, imeandikwa H25, kilometa sijasoma vizuri. Fundi_ShauriMoyo, unaweza kuja nami Mwenge na hiyo kompyuta? Nauli na ya kazi nalipa.

Fundi_ShauriMoyo

Naja. Mwambie asiipashe moto kabla sijafika, nataka kuisikia ikiwaka baridi kwanza, foleni tutaitafuta baadaye. H25 ni 2013, belti hiyo imeshakula chumvi, anza kuhesabu bei ukiwa njiani. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa ndani, usiiweke hapa.