Multivitamini, vitamini C au mafuta ya samaki? Mafua hayaniishi (Lamu)

FundiMkomani: Assalamu alaykum wanajamvi. Nisaidieni kuamua. Binamu yangu anatoka Mombasa Jumamosi, basi mpaka Mokowe halafu boti, na huko vitu ni nafuu kuliko hapa kisiwani. Nataka anibebee kitu cha kuzuia mafua. Nimebaki na vitatu: kopo la multivitamini la vidonge 90, vitamini C ile ya kuyeyusha kwenye maji, au mafuta ya samaki. Mafua yananisumbua mno, haya hayajakwisha na mengine yameingia, na tangu kusi kuanza ndiyo zaidi. Kipi kinafanya kazi? Pesa ni ya kimoja tu.

BintiMalindi: Waalaykum salaam. Multivitamini. Nameza kila asubuhi baada ya chai na mwaka huu wote sijalazwa kitandani na mafua. Angalia iwe na zinki ndani.

Nahodha_Shela: Mafuta ya samaki ya kopo, na wewe uko Lamu? Samaki wanashushwa gatini kila siku ya Mungu. Nunua samaki ule na watoto.

Muuguzi_Kilifi: Kabla hatujamshauri, kaka tueleze kwanza. Una umri gani? Unavuta sigara? Kuna dawa yoyote unayotumia, ya presha, sukari, chochote? Kopo ni lako peke yako au la nyumba nzima? Na mafua yenyewe yakoje: koo linauma na mwili unapata homa, au ni chafya na maji puani tu? Mtu mzima kushikwa na mafua mara mbili tatu kwa mwaka ni kawaida, na mtoto mdogo hata mara sita hadi nane. Bila hayo tunapiga ramli.

FundiMkomani: Miaka 38, sivuti, situmii dawa. Kopo litakuwa la nyumbani, sote tumeze.

Muuguzi_Kilifi: Sote ni akina nani? Watoto wa umri gani? Shemeji ana ujauzito au ananyonyesha?

AsaliNaHabasoda: Mnamzungusha bure. Habasoda iliyosagwa, kijiko cha asali, tangawizi ya moto jioni. Nyumbani kwetu tumekuzwa hivyo na duka la dawa tulikuwa tukilisikia tu.

Muuguzi_Kilifi: Asali na tangawizi hulainisha koo, sina ubishi. Ila asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kumlambisha. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi.

Mjukuu_wa_Ganda: Naomba niwaeleze yaliyompata baba, maana sitaki mwingine apitie. Baba alikuwa na kikohozi kikavu kisichokwisha, usiku ndiyo balaa. Nyumbani wote tukasema ni mafua. Wakaja mtaani watu wa kampuni moja ya virutubisho, wakatandika meza, wana kimashine kimeunganishwa na kompyuta. Unashika chuma mkononi, baada ya muda karatasi inatoka ikisema mwili umekosa nini. Ya baba ilisema amekosa karibu kila kitu, vitamini, madini, mpaka "nguvu ya mapafu". Akauziwa makopo manne kwa shilingi elfu kumi na nane, pesa ya mbuzi wake aliowauza. Akawa anameza kwa imani yote. Kikohozi kiko palepale, na juu yake tumbo likaanza kumchafuka: anameza asubuhi hajala kitu, haipiti nusu saa anatapika. Akiwapigia simu wanamwambia hiyo ni sumu inatoka, aongeze vidonge. Mwisho dada yangu akakusanya dawa zake zote kwenye kikapu, akampeleka kwa daktari. Daktari akamwaga kila kitu mezani, akayasukuma yale makopo kando, akashika kijikaratasi cha dawa ya presha, enalaprili, akauliza: hii ulianza lini, na kikohozi kilianza lini? Kikohozi kilianza wiki chache baada ya dawa. Kumbe kikohozi kikavu ni madhara yanayojulikana ya dawa za jamii hiyo. Akambadilishia akampa losartani, dawa nyingine ya presha, na kabla ya mwezi kwisha baba alikuwa analala usiku kucha. Mbuzi hawakurudi. Vitamini hupimwa kwa damu, si kwa kushika chuma. Na wenye presha, msiache dawa wenyewe kwa kusoma hapa, muulizeni daktari.

BintiMalindi: Pole sana kwa baba. Lakini hao ni matapeli, usiwaweke kundi moja na multivitamini ya duka la dawa lenye leseni.

Mwalimu_Kemia: Kuhusu vitamini C, imani hii ilienea sana kuanzia 1970, alipoipigia debe Linus Pauling, mkemia wa Marekani mwenye Nobel mbili. Tangu hapo imejaribiwa kweli kweli. Mapitio ya 2013 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliunganisha majaribio ya watu zaidi ya 11,000 waliokuwa wakimeza kila siku. Kwa watu wa kawaida haikupunguza idadi ya mafua. Ilichofanya ni kufupisha siku za kuugua, kama asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Mafua ya wiki nzima, hiyo ni kama nusu siku. Waliofaidika hasa ni wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji na askari waliokuwa mazoezini kwenye baridi kali. Kwao mafua yalipungua kwa nusu. Na ukisubiri mpaka pua ianze kutiririka ndipo umeze, haikuonekana kusaidia.

BintiMalindi: Mwalimu, nakuheshimu, lakini mwili wangu naujua. Kabla sijaanza nilikuwa mtu wa leso mkononi.

Mwalimu_Kemia: Dada, na kabla hujaanza ulikuwa unafundisha chekechea, uliwahi kusema hapahapa. Umehama darasa la watoto wadogo, virusi vimepungua. Utajuaje kilichosaidia ni kipi?

BintiMalindi: Vyote viwili, basi.

Nahodha_Shela: Mimi narudi kwenye chakula. Pera moja linalishinda kopo.

Mwalimu_Kemia: Pera ni kweli. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na mwanamume anahitaji kama 90 kwa siku. Chungwa la uzito huohuo halifiki hata theluthi ya pera.

AsaliNaHabasoda: Na ubuyu?

Mwalimu_Kemia: Unga wa ubuyu mkavu unayo nyingi. Ule uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu nisingeuhesabu, moto huiharibu vitamini C.

FundiMkomani: Samahani, nilikuwa kazini. Watoto ni wa miaka sita na miwili. Mke ana mimba ya miezi mitatu.

Muuguzi_Kilifi: Ndiyo maana niliuliza mara mbili! Kopo la watu wazima lisiguswe na shemeji mpaka aulize kliniki. Vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni, na mafuta ya ini la samaki nayo yana vitamini hiyo. Kliniki anapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, hivyo ndivyo vyake. Na kopo likiwa na chuma liweke juu kabisa, mtoto wa miaka miwili akivimeza kama peremende ni hatari ya maisha.

Nahodha_Shela: Chuma si huongeza damu? Watoto wangu niliwapa sharubati ya damu miezi mingi.

Mwalimu_Kemia: Kwa mtoto aliyepimwa akaonekana hana chuma cha kutosha, sawa. Lakini kule Pemba walijaribu kuwapa watoto wadogo chuma na foliki bila kuwapima. Iliwabidi wasimamishe kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa 2006: waliopewa walilazwa au kufariki zaidi. Ni sehemu yenye malaria nyingi. Ndugu zetu hao, si watu wa mbali.

Nahodha_Shela: Hilo sikulijua. Fundi, hebu tuambie, wewe ni fundi wa nini?

FundiMkomani: Milango na makasha. Sasa tuna kazi ya hoteli moja, milango ya mvule, tunaipiga msasa wa mashine ndani kwa sababu ya mvua. Chafya zinanianza nikishaingia kiwandani tu, macho yanawasha. Homa sina. Ijumaa nikishinda nyumbani huwa afadhali.

Muuguzi_Kilifi: Kaka, hilo ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha pua na macho, na wengine huwapa pumu. Kinachokusumbua kinafanana na mzio kuliko mafua, na mzio hauzuiwi na multivitamini. Nenda ukaonwe, hasa ukisikia kifua kinabana au kupiga filimbi. Na vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, kitambaa hakizuii vumbi lile.

BintiMalindi: Lakini wazee wa Lamu wamechonga milango karne na karne na hakuna aliyevaa barakoa.

FundiMkomani: Babu alikuwa akichonga kwa patasi, dada. Patasi hutoa maganda, yanaanguka chini unafagia. Hii mashine inatoa unga, unaelea mpaka jioni, ukiangalia kwenye mwanga wa dirisha unauona.

Mjukuu_wa_Ganda: Basi mwambie binamu alete barakoa.

FundiMkomani: Nimemwambia aulize bei. Lakini mke bado anataka vitamini C ya watoto, mkubwa anarudi na kamasi kila wiki kutoka shule.

Muuguzi_Kilifi: Huyo mwenye kamasi mfundishe kunawa kwa sabuni akifika tu mlangoni. Na mapera.

BintiMalindi: Mimi bado nasema zinki.

AsaliNaHabasoda: Ubuyu usiopikwa unapatikana wapi Malindi? Sokoni naona ule wa rangi tu.

Nahodha_Shela: Fundi, hizo mashine za msasa si zipo zenye mfuko wa kunasa vumbi? Kuna mtu ameitumia?