Dakika 20 Ryoan-ji, huu ni utalii au wizi??

Wakuu, naandika nikiwa na hasira mnivumilie.

Kuna kampuni ya utalii, siitaji, inauza safari ya siku moja Kyoto, Japani, na kwenye tangazo wameandika kabisa utatafakari kwa utulivu kwenye bustani ya Zen. Nikalipa. Tumefika Ryoan-ji, hekalu la Wabudha wa Zen lenye hiyo bustani, dada wa kampuni kanyanyua kibendera, kawasha kipaza sauti, anatangaza tuna dakika 20 na vyoo viko kule. Dakika 20, na humo humo kuna foleni ya kuvua viatu!

Kwa ambaye hajafika, pale kwenye bustani ya mawe hakuna maua wala maji, ni kiwanja cha kama mita 25 kwa 10, kokoto nyeupe zilizochorwa mistari kwa reki na mawe 15, basi. Hukanyagi, unakaa barazani unaangalia. Na yale mawe yamepangwa kiasi kwamba popote utakapokaa kuna moja linajificha, unahesabu 14, unasogea kidogo, lile linatokea hili linapotea. Kitu kama hicho kinataka ukae mpaka miguu ife ganzi, siyo upite kama mkagua tiketi. Ndo kwanza nilikuwa naanza kuuona ule ukuta wa udongo kwa nyuma, udongo wake ulichanganywa na mafuta, miaka ikayatoa nje taratibu yakaacha mabaka ya kahawia, jicho linatulia tu, mara mzee wa kundi letu huyu hapa na fimbo ya selfi mbele ya pua yangu, na kipaza sauti kinaita turudi kwenye basi.

Eti "si umeona lakini". Nimeona migongo ya watu!

Kinachoniuma zaidi, geti linafunguliwa saa 2 asubuhi kabla watu hawajajazana, wao wanajua fika, ila wanatupeleka saa 5 na mabasi mengine yote. Halafu duka la zawadi tukapewa saa nzima, saa nzima jamani ya kuangalia biskuti za chai ya kijani, hapo hakuna aliyepigiwa kelele, na kamisheni yao wanaijua wenyewe.

Nimedai hela yangu hata nusu, wamenitumia kuponi ya punguzo kwa safari ijayo. Ijayo ipi? Kuna aliyewahi kuwabana hawa watu wakarudisha hela? Aje anipe njia, na msiniambie nikubali kuponi.