Naomba ushauri: filamu ya kutisha ya kuruka na parachuti, bajeti ndogo

Wakuu, habari zenu. Nina skripti ya filamu fupi ya kutisha: wanaruka watano kutoka kwenye ndege, lakini wakihesabiana angani wako sita. Huyo wa sita hana parachuti.

Kinachonitesa ni muda. Ukiruka kutoka mita 4,000 hivi, unaporomoka kama dakika moja tu, kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, ndipo ufungue parachuti. Dakika moja! Tena upepo unavuma kiasi kwamba hakuna anayemsikia mwenzake. Wanaelewana kwa ishara za mikono. Mimi naona huko kutosikilizana ndiko kunakotisha, ila mwenzangu ninayeandika naye anataka mayowe (yeye kila filamu anataka mayowe).

Pesa ya kukodi ndege hatuna. Nimefikiria kumning'iniza mwigizaji kwa mikanda, feni kubwa usoni, kitambaa cha kijani nyuma (ili baadaye tuweke picha ya anga mahali pake). Mliowahi kujaribu, nguo na nywele zitapepea kama kweli au itageuka kichekesho? Na huyo mzimu nimwonyeshe wazi, au aonekane tu kwenye miwani ya mrukaji?