NYOTA TATU! Yule mtalii wa begi mgongoni mnayemjua kamwita mama yangu "mhudumu mzee"

Mwana Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimeruka msinisahihishe.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule aliyeacha kazi Dar, ofisi ya kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, akapigwa picha anakabidhi kitambulisho getini kama mwanajeshi anarudisha bunduki. Akaandika "nimechagua uhuru". Sasa anazunguka Afrika na begi refu kuliko mgongo wake akitufundisha kusafiri kwa bei ya karanga. Mlimpigia makofi humu humu. Na mimi nilipiga, ndiyo maana inaniuma.

Kashuka Kigoma na treni, daraja la tatu, kapauka kama dagaa wa juzi. Nikampokea stesheni. "Siku mbili tu kaka, napumzika halafu navuka Burundi." Siku mbili zikawa 19. Kitanda changu kalala yeye, mimi jamvini na mtoto wa dada anayepiga mateke usiku kucha kama anadaiwa. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapuliza mkaa, anamchemshia maji ya kuoga, eti mgeni katoka mbali, maji ya baridi yatamtia mafua. Samaki wetu migebuka kala mpaka nadhani ziwani walifanya kikao. Siku tuliyopata samaki kuhe, kichwa kapewa yeye. KICHWA. Marehemu baba kile kichwa alikuwa hagawi hata kwa shehe.

Sasa leo asubuhi tuko barazani, mtoto wa dada kashika simu, anatusomea kwa sauti kama taarifa ya habari: "Kigoma siku 19 kwa shilingi 38,000 tu! Malazi: nyota 3 kati ya 5. Chakula kizuri ila hakuna cha kuchagua. Jogoo anaanza saa tisa usiku. Mhudumu mzee ni mkarimu lakini anauliza maswali mengi."

Mhudumu mzee.

Ni mama yangu huyo! Na maswali yenyewe yalikuwa mawili: "Mwanangu umeshiba?" na "Kwenu wanajua uko wapi?"

Mama alikuwa anapoza kahawa. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Nyota tatu ni nyingi au chache?" Wakuu, sikuwa na jibu. Nikatoka nje nikamwangalia jogoo.

Na hiyo 38,000, elfu ishirini kanikopa mimi. Shangazi yangu anauza dagaa, fungu elfu moja, jamaa kang'ang'ania mia tano mpaka shangazi kachoka kampa bure. Nalo kaliandika: "Jifunzeni kupatana bei na wenyeji."

Sitaki ushauri. Mhudumu mzee!!

Kibirizi Moja

Nimeweka kambi hapa. Wenye kahawa na kashata wasogee.

Mpenda Lami

Siku 19 mkuu? Wazee walisema siku ya tatu mpe jembe, wewe ukampa kichwa cha kuhe. Ulitaka akuandike nini?

Binti Mwanga

Mimi naulizia tu, jogoo mwenyewe kapewa nyota ngapi?

Mwana Ujiji

Dada nina hasira usinichekeshe. Tungekuwa gesti kweli ningemtoza. Mama kampa hadi chandarua chake, akakaa usiku anakishona tundu kwa uzi wa nyavu. Nyota tatu.

Mzee wa Reli

Mimi nina ugomvi mwingine na huyo bwana. Mwezi uliopita kaandika alitoka Kapiri Mposhi, Zambia, hadi Kigoma "kwa treni moja bila kushuka kwenye behewa". Muongo. TAZARA, reli ya Zambia mpaka Dar, upana wake ni milimita 1,067, reli yetu ya zamani ya kati ni mita moja kamili. Behewa la kule halikanyagi reli ya huku hata ulisukume kwa dua. Alishuka Dar kama watu wote, akabadili stesheni. Reli imefika Kigoma tangu 1914, leo atokee mtu na begi atudanganye?

Mwana Ujiji

Asante mzee. Muongo huyo. Ila turudi kwa mama.

Muha wa Kasulu

Na ile picha ya "sokwe wa Gombe" mliitazama vizuri? Ule ni mkia ule, mrefu kama foleni ya Mbagala! Sokwe hana mkia! Huyo ni tumbili. Jane Goodall kaingia Gombe 1960, sokwe wakawa wanajulikana mmoja mmoja kwa majina, leo huyu kakimbia kiingilio kampiga picha tumbili wa nyuma ya choo cha mtu.

Mwana Ujiji

Choo chetu.

Muha wa Kasulu

😂😂😂 Basi nyota ya tatu ni ya tumbili.

Mpita Njia

Naona wivu tu hapa. Mtu kaacha mshahara wa kila mwezi, kalala ufukweni Nkhata Bay, Malawi, sasa hivi anakunywa chai Bujumbura. Wewe uko Ujiji unahesabu migebuka. Acheni watu waishi.

Mwana Ujiji

Aishi kwa hela yake! Uhuru gani unaochemshiwa maji na mama wa mtu?

Mama Wawili

Nyie mnalalamika samaki. Mume wangu tangu aanze kumsoma huyo kiumbe kanunua begi la hivyo hivyo na viatu vya kupandia mlima. Sisi tunakaa Buzebazeba. Mlima gani? Juzi nimekuta kaandika barua ya kuacha kazi, kaificha chini ya godoro. Bado hajaipeleka, maana katika neno "uhuru" kakosea herufi, na mimi simwambii.

Nasubiri Mafao

Dada, hiyo barua ichome leo. Mimi niliacha kazi kwa hiari mwaka juzi baada ya kusoma maneno hayo hayo, nikajipanga mafao yangu yanipeleke mpaka Zanzibar hata Cape Town. Nikaenda mfuko wa hifadhi ya jamii, dirishani naambiwa fao la kukosa ajira ni la walioachishwa, siyo la walioacha wenyewe. Nimefika Uvinza. Na Uvinza nimefika kwa mjomba.

Binti Mwanga

Mjomba kakupa nyota ngapi?

Nasubiri Mafao

Kanipa jembe.

Mnyamwezi Halisi

Poleni Kigoma. Tabora alikaa kwetu siku tano, kala asali nusu debe, kaandika "mji wa kubadilishia treni". Kwihara hakutia mguu, na Tembe la Livingstone, nyumba aliyokaa, liko pale. Kwa heshima lakini, Ujiji mlizoea. 1871 Livingstone yuko kwenu hapo, mali zake zimeshauzwa na aliyepewa azitunze, anaishi kwa fadhila za watu mpaka Stanley anamkuta. Kina mama wenu waliuliza maswali?

Mwana Ujiji

Livingstone hakumpa mtu nyota tatu!

Mnyamwezi Halisi

Hakuwa na bando.

Mjumbe wa Kijiwe

Hii chai. Uzi hauna picha ya jogoo.

Mpenda Lami

Tuwe wakweli, na chakula nacho. "Hakuna cha kuchagua." Kama mlimpa mgebuka wa nyanya siku 19 namwelewa. Mgebuka ni wa mawese.

Mwana Ujiji

Ulikuwa wa mawese! Na ugali wa muhogo! Kwetu nyanya tunaweka kwenye kachumbari!

Kibirizi Moja

Mgebuka unachomwa. Ukiuweka kwenye mawese umeuonea.

Mama Wawili

Kuchoma ni kwa wanaume wasiojua kupika. Mawese, kitunguu, ndimu, moto mdogo. Basi.

Mzee wa Reli

Mawese ya siku hizi yenyewe yamechanganywa maji. Zamani unapanda nayo meli ya Liemba mpaka Mpulungu, Zambia, dumu halitoi hata povu.

Mwana Ujiji

Wakuu, mada ni mama. Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Kasema hana kinyongo, ila nimpigie yule kijana nimuulize kama alipita mpakani Manyovu salama na kama ile kandambili iliyokatika alipata fundi. Nimekataa. Kanyamaza, kaenda kumpa jogoo mtama.

Muha wa Kasulu

Mawese safi njooni Kasulu, hamtarudi mjini.

Mpenda Lami

Dumu la lita ishirini linafika Dar bila kuvuja?

Muha wa Kasulu

Linafika. Funga mfuniko na nailoni mara mbili.

Mjumbe wa Kijiwe

Mwana Ujiji, yule shangazi yako wa dagaa, anauza kwa ndoo au mafungu tu? Nina mteja Dodoma.

Mwana Ujiji

Kwa ndoo pia. Njoo inboksi. Bei haipunguzwi.