DFAM: kupata mlio wa ngozi, na kuifanya ifuate Volca Beats

SWALI (kutoka Kampala)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mpiga ngoma hapa Kampala, na mwezi uliopita nilinunua mkononi sintesaiza ya ngoma ya analogi, DFAM ya Moog, ambayo ilinifikia bila kitabu cha maelekezo. Nataka mlio mzito unaokaribia embuutu, ngoma kubwa ya Kiganda, na mlio mkali unaokaribia engalabi, ngoma yetu ndefu, lakini kila nikizungusha nobu napata sauti ndefu inayoteremka kama king'ora. Tena, nimeiunganisha na SYNC OUT, yaani tundu la kutolea mapigo ya mwendo, ya Korg Volca Beats, mashine yangu nyingine ya ngoma, kwa kebo ya jeki ndogo, nayo inakwenda nusu ya mwendo, na nikianza upya haianzii hatua ya 1. Bakisimba, mdundo wa Kiganda, mimi huihesabu kwa mapigo madogo 12, na mashine ina hatua 8 tu. Je, nimekosea kuunganisha, au ndivyo ilivyoundwa?

JIBU LA 1 (kutoka Jinja)

Ndugu, tuanze na king'ora, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama. Mashine hiyo ina nobu tatu za DECAY, na kila moja inatawala jambo lake: ya VCA huamua sauti inachukua muda gani kuzimika, ya VCF huamua filta inajifunga kwa kasi gani, na ya VCO huamua toni inashuka kwa muda gani. Ngozi ikipigwa kwa nguvu huvutika, toni yake ikapanda kidogo, kisha ikarudi chini upesi sana mtikisiko unapopungua. Kwa hiyo punguza kwanza VCO DECAY hadi karibu na mwanzo, na nobu za VCO EG AMOUNT, zinazoamua toni inahama kwa kiasi gani, usizisogeze mbali na katikati. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeweka embuutu yangu kando ya meza, niliusikia ule mvumo mrefu ukijikunja na kuwa pigo moja zito, na nikaanza kuiamini mashine.

Kwa engalabi, ongeza NOISE/EXT LEVEL (kiwango cha sauti ya mchakacho), geuza swichi ya filta iwe HP, yaani ipitishe sauti za juu, na VCA DECAY iwe fupi. Elewa lakini kwamba DFAM ina sauti moja tu, hivyo ngoma mbili haziwezi kulia kwa pamoja. Njia ninayoipenda mimi ni kuchomeka kebo ya milimita 3.5 kutoka tundu la kutolea la VELOCITY (nguvu ya pigo la kila hatua) hadi tundu la kuingizia la NOISE LEVEL, huku nobu ya NOISE ikiwa chini. Hapo hatua yenye VELOCITY kubwa inapata ule mchapo wa kiganja, na hatua dhaifu inabaki na uzito wa toni peke yake. Hilo linafanana na mkono wa mpigaji kuliko mpangilio mwingine wowote nilioujaribu.

JIBU LA 2 (kutoka Mbale)

Naunga mkono hayo, nami niongeze kuhusu mwendo. Kebo yako haina kosa. Volca hutoa pigo moja kwa kila hatua zake mbili, na DFAM husogea hatua moja kwa kila pigo linaloingia tundu lake la ADV/CLOCK. Ukitaka ziende sawa, panga midundo ya Volca kwa kuruka hatua moja moja, kisha zidisha tempo mara mbili.

Tundu la kuirudisha DFAM mwanzoni halipo kabisa. Isimamishe, bonyeza ADVANCE mpaka taa iwe kwenye hatua ya 8, kisha bonyeza RUN/STOP kabla ya kuiwasha Volca, ili pigo la kwanza liisogeze hadi ya 1.

Kuhusu mapigo 12: ukizima hatua 4 za Volca kwa ACTIVE STEP, mzunguko wake utakuwa na hatua 12, yaani mapigo 6 kwa DFAM. Mashine hizo mbili zitakutana tena mwanzoni baada ya mizunguko 4 ya Volca, ambayo ni 3 ya DFAM. Kuteleza huko si hasara, maana mkazo unahama bila mdundo kupotea. Ukihitaji DFAM ishike 12 kamili, usitumie hatua zake. Tuma mapigo kwenye TRIGGER kutoka chombo kinachoweza kuhesabu 12, kwa kuwa tundu hilo hupiga sauti bila kusogeza hatua.

MUULIZAJI

Nashukuru sana, ndugu zangu. Kebo ya VELOCITY imenipa nilichokuwa nikikitafuta. Engalabi yenyewe nimeamua kuendelea kuipiga kwa mikono, kwa sababu kwetu Buganda ngoma hiyo ina kazi yake katika kumaliza msiba, na nisingependa mashine iichukue nafasi hiyo. DFAM nitaiachia uzito wa chini, na leo usiku najaribu ile mizunguko 4 kwa 3.